Kulea Mtoto wa Nsya au Pongo Aliyefiwa na Mama: Maziwa ni Hatua ya Nne

Mvua za kwanza zikishanyesha Sikonge, Urambo na Kaliua mkoani Tabora, simu zinaanza. Mkulima ameingia kusafisha shamba la tumbaku, amekuta kitoto cha nsya, yule swala mdogo wa vichakani, kimelala kwenye majani. Mrina asali ameshuka mtini, amekuta kitoto cha pongo, swala mkubwa kuliko nsya, chini ya kichaka. Amekibeba nyumbani, amekinywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na siku ya tatu kimekufa tumbo likiwa limekaza kama ngoma. Swali ni lilelile: tungempa maziwa gani?

Mara nyingi maziwa yenyewe hayakuwa na tatizo. Yalitolewa kabla ya mambo matatu ambayo yalipaswa kufanyika kwanza, kisha yakamiminwa kooni badala ya kunyonywa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijiji, warina asali na wahudumu wapya wa vituo vya kutunzia wanyama. Hatua ya 1 hadi ya 3 inamhusu yeyote aliye karibu na mnyama. Kuanzia ya 4 ni kazi ya kituo chenye kibali, au ya mtu ambaye ofisa wanyamapori amemwelekeza amshike mnyama kwa muda.

## Vifaa: viwe tayari kabla mnyama hajafika

- Boksi la katoni lenye matundu ya hewa, na nyasi kavu za kutandika
- Khanga au mashuka kuukuu mawili
- Chupa mbili za plastiki za maji ya moto, na soksi nene za kuzivika
- Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, na mafuta kidogo ya kukilainisha
- Mizani ya jikoni. Kwa pongo tafuta inayofika kilo 10
- Pakiti za ORS (unga wa kurudisha maji mwilini)
- Chupa ya kunyonyeshea mtoto mchanga na chuchu tatu au nne za akiba
- Maziwa ya mbuzi, na kama kituo kina friza, dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) ya mbuzi iliyogandishwa
- Vitambaa laini vya pamba, sabuni, jiki
- Daftari na kalamu
- Namba za ofisa wanyamapori wa wilaya na daktari wa mifugo, zimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa

Dang'a itafutwe mapema. Omba kwa mfugaji ambaye mbuzi wake wamechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo na wana afya. Igandishe kwenye mifuko midogo ya mililita 50. Usiku ambao utaihitaji hutampata mbuzi aliyezaa siku hiyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni yatima

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watoto wa nsya, pongo, tohe na taya hufichwa. Mama humlaza mtoto kwenye nyasi au kichakani, akaenda zake kula, akarudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha. Akimnyonyesha humlamba nyuma ili ajisaidie, na uchafu huo anaula mwenyewe, chui na fisi wasipate harufu ya kufuata. Mtoto akisikia hatua za mtu hujibana chini, masikio kayalaza, hatikisiki. Ukimwona hivyo, peke yake na kimya, unamwona mtoto anayelelewa vizuri.

Mwaka mmoja mzee mrina asali alinifikia na baiskeli, kitoto cha nsya kimefungwa kwenye kikapu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea yatima."

"Mama yake umemwona amekufa?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Sikumwona kabisa."

Tulimrudisha jioni ileile. Mzee alipakumbuka mahali penyewe kwa sababu ya mzinga wake. Tulimlaza palepale tukaondoka bila kugeuka. Alfajiri kitoto hakikuwepo, na kwenye udongo laini wa njia palikuwa na nyayo za mkubwa na mdogo pamoja. Mzee alifurahi kuliko mimi.

Basi fanya hivi. Ukimkuta, usimguse. Rudi nyuma mita 100 au zaidi, ondoa mbwa na watoto, nenda zako. Rudi kesho alfajiri. Akiwa yuko kwenye njia ya trekta au moto unakuja, msogeze mita chache tu hadi penye kivuli. Kuna wanaoamini kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na mtu. Imani hiyo imewanyang'anya wanyama wengi mama zao. Kama ulishambeba jana, bado inafaa kumrudisha.

Yatima wa kweli ana dalili zake: mama amekutwa amekufa karibu, au amenaswa kwenye tanzi, mtoto anazurura akilia kwa saa nyingi, macho yamezama, ana jeraha, au mayai ya nzi kwenye manyoya, ana baridi, ukimfinya ngozi ya shingo, inachelewa kurudi.

Tahadhari. Ukikuta mama amekufa bila jeraha, tumbo limevimba, damu nyeusi inatoka puani au nyuma, usiguse mzoga wala mtoto. Hiyo inaweza kuwa kimeta, nayo inaua watu. Piga simu ukiwa mbali. Na kama mtoto aling'atwa na mbwa, mwambie ofisa hivyo wazi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Osha mikono kwa sabuni, na wewe ukikwaruzwa nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

*Umefanikiwa ikiwa* mtoto amebaki porini na mama yake, au una sababu unayoweza kuitaja ya kumchukua.

## Hatua ya 2: Toa taarifa kabla hujambeba

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema. Piga simu kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Ukiwa ndani au mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, wahusika ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Walio kwenye jumuiya za uhifadhi wa wanyamapori za Ipole na Uyumbu waanze na askari wao wa kijiji.

Andika saa uliyompata, mahali, na hali ya mama. Kituo kitahitaji taarifa hiyo siku ya kumrudisha.

## Hatua ya 3: Joto kwanza, kisha maji

Mtoto mwenye baridi hana tumbo linalofanya kazi. Maziwa ukimpa sasa yatakaa tumboni bila kusagwa, yatachacha na kutoa gesi. Ile ngoma ya siku ya tatu huanzia hapa.

Mweke kwenye boksi juu ya nyasi kavu, miguu imekunjwa chini yake kama alivyolala porini, khanga juu ya boksi ili pawe giza. Giza humtuliza. Mnyama wa jamii hii anaweza kufa kwa hofu tupu. Misuli yake inaharibika akihangaika sana, na kifo kinaweza kuja siku kadhaa baadaye, wakati umeshaamini amepona. Kwa hiyo hakuna kumpakata kwa zamu, hakuna picha, hakuna redio. Kama ni lazima asafiri kwa bodaboda, asafiri asubuhi au jioni, boksi likiwa limeshikwa na mtu wa nyuma.

Mpime joto kwa kuingiza ncha ya kipimajoto, iliyopakwa mafuta, kwenye njia ya haja kubwa.

Likiwa kati ya 38.5 na 39.5, yuko sawa. Likiwa chini ya 37, weka chupa mbili za maji ya moto, zimevikwa soksi, ubavuni pake. Apashwe joto taratibu kwa saa moja au mbili. Usimweke karibu na jiko wala moto. Ngozi huungua kabla mwili wa ndani haujapata joto. Likizidi 40, hasa kwa aliyekimbizwa na mbwa, mpeleke kivulini na umloweshe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, siyo ya baridi kali.

Akishapata joto, mpe ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu. Nsya mchanga anyonye mililita 20 hadi 30, pongo mchanga 60 hivi. Rudia baada ya saa mbili. Asiponyonya, usimmiminie. Hapo anahitajika daktari wa mifugo mwenye mpira wa kupitishia tumboni.

*Umefanikiwa ikiwa* ukiweka kidole safi mdomoni mwake unahisi joto, na ulimi wake unakivuta.

## Hatua ya 4: Maziwa

Aina gani. Mbuzi ndiyo chaguo la kwanza, ng'ombe la pili. Maziwa ya nsya na pongo ni mazito kuliko hayo yote, kwa hiyo usiongeze maji kamwe mtoto akishazoea. Usiongeze sukari. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu yana sukari nyingi na protini kidogo kwa mnyama huyu; humharisha. Maziwa ya kopo mazito ya chai ndiyo mabaya kuliko yote. Chemsha maziwa, yapoe, uyatumie siku hiyohiyo.

Kama una hakika hajamaliza siku moja tangu azaliwe, kitovu bado kibichi, mpe dang'a kwanza. Kinga ya magonjwa huipata humo, na utumbo wake unaweza kuipokea kwa saa 24 za kwanza tu, tena zile 12 za mwanzo ndizo bora. Dang'a haichemshwi. Iyeyushe kwa kuweka mfuko kwenye maji ya vuguvugu. Ukiichemsha itaganda kama yai na kinga itakuwa imekufa.

Kiasi gani. Pima uzito kwanza. Siku ya kwanza mpe asilimia 10 ya uzito wake kwa siku nzima, panda hadi 15 kufikia siku ya nne, na usivuke 20. Mfano: nsya wa kilo 1.6, kwa asilimia 15, anapata mililita 240 kwa siku. Gawa mara sita, kila mlo mililita 40. Ratiba inayofanya kazi kwetu ni saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni na saa 4 usiku.

Mtoto atakuangalia kana kwamba bado ana njaa. Ndivyo anavyopaswa kuwa. Anayeshiba hadi kuacha mwenyewe amepewa zaidi ya tumbo lake.

Siku ya kwanza changanya nusu maziwa nusu ORS, ya pili robo tatu maziwa, ya tatu maziwa matupu.

Namna gani. Soma sehemu hii mara mbili.

Mnyama anayecheua ana tumbo kubwa la kuchachushia majani. Kwa mtoto tumbo hilo bado limelala, na maziwa hayatakiwi kuingia humo. Anaponyonya, shingo ikiwa imenyooka kwa mbele, mkunjo wa nyama mwishoni mwa koo hujifunga ukawa mfereji, na maziwa hupita moja kwa moja hadi tumbo la kusagia. Kinachoufunga mfereji huo ni kule kunyonya kwenyewe. Ukimmiminia kwa kijiko au bomba la sindano, haujifungi vizuri. Maziwa yanaanguka kwenye tumbo kubwa na kuoza. Au yanaingia kwenye mapafu, na siku mbili baadaye ana homa ya mapafu.

Kwa hiyo:

1. Joto la maziwa liwe 38 hadi 39. Tone kwenye kifundo cha mkono lisikuunguze wala lisikupoze.
2. Geuza chupa chini. Maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakitiririka, tundu ni kubwa. Tupa chuchu hiyo.
3. Mtoto asimame, au alale kifudifudi. Asilazwe chali kama mtoto wa mtu.
4. Piga goti nyuma yake, kiganja kimoja kifunike macho yake kwa upole. Wengi hukubali chuchu wasipokuona.
5. Chupa iwe mbele na juu kidogo ya pua. Shingo ikipinda nyuma sana, maziwa yatakwenda mapafuni.
6. Akiwa ananyonya, msugue chini ya mkia kwa kitambaa cha uvuguvugu, kama ulimi wa mama.

Akikohoa, au maziwa yakitoka puani, acha papo hapo, inamisha kichwa chake, subiri. Akikataa chupa kabisa, usipigane naye zaidi ya dakika tano. Rudi baada ya saa moja. Wengi hukataa milo miwili ya kwanza, na mhudumu mgeni hushikwa na hofu akaanza kulazimisha. Mtoto aliyekwisha kunywa ORS hafi kwa kukosa mlo mmoja wa maziwa.

Baada ya kila mlo osha chupa na chuchu kwa sabuni, chemsha. Maziwa yaliyobaki humwagwa.

*Umefanikiwa ikiwa* mkia unachezacheza akinyonya, tumbo limejaa kidogo ila ni laini, na uzito wa kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza unapanda. Ukisimama siku mbili, tafuta sababu. Ukishuka, mwite daktari.

## Hatua ya 5: Choo

Kwa wiki mbili au tatu za kwanza hawezi kujisaidia vizuri bila kusuguliwa. Fanya hivyo kila mlo, kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, dakika moja au mbili. Andika daftarini kilichotoka. Kinyesi cha njano kama uji mzito ni cha kawaida kwa anayenyonya. Maji matupu, au rangi ya kijivu yenye harufu kali, ni kuhara.

Akihara, badilisha mlo mmoja au miwili ya maziwa kwa ORS, kisha rudi na nusu kwa nusu. Usimnyime maziwa zaidi ya siku moja. Tafuta kosa lako kwanza: chupa chafu, maziwa ya baridi, kiasi kikubwa, mikono mingi. Usimpe vidonge vya binadamu vya kuzuia kuharisha. Kuna damu, au hasimami? Daktari, sasa hivi.

Tumbo likijaa upande wa kushoto na likilia kama ngoma ukiligonga kwa kidole, hiyo ni dharura. Simamisha maziwa, msimamishe sehemu ya mbele ya mwili ikiwa juu kidogo, mpigie daktari ukiwa bado umemshika.

## Hatua ya 6: Banda, na kutokuzoewa

Ukuta uwe wa matete au mbao, usioonyesha nje, kimo cha mita 2 kwa pongo. Waya wenye matundu huwavunja shingo na miguu. Pawe na kona yenye nyasi ndefu au matawi ya kujificha. Asiye na pa kujificha hapumziki.

Mbuzi na kondoo wasikaribie, kwa sababu ya sotoka yao. Mbwa wasisikike. Usiku zungusha jivu nje ya ukuta na kagua kwa tochi: siafu wakimkuta mtoto aliyelala, hawezi kuwakimbia. Kupe watoe kwa mkono. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiipake kwa mtoto mchanga, ni sumu kwake.

Sasa jambo linalowaumiza wahudumu wenye moyo mzuri. Mtoto huyu asikupende. Wahudumu wawe wawili tu, wavae koti moja la rangi ileile, wasiseme naye, wasimwite jina. Waingie kwa chupa na kutoka. Kama kuna yatima mwingine wa jamii yake, wakae pamoja, baada ya daktari kuwapima.

Sababu yake ni hii: pongo dume aliyekulia mikononi mwa watu huona watu ndio pongo wenzake. Akikomaa na kuota pembe, atampiga mtu kama anavyompiga dume mwenzake, na pembe ya pongo inaingia tumboni. Jike aliyezoea watu atamfuata mtu wa kwanza atakayemwona porini, na mtu huyo anaweza kuwa na mbwa na mkuki.

*Umefanikiwa ikiwa* anakuja kwenye chupa, ila mlango ukifunguliwa na mtu mgeni anatoroka kujificha.

## Hatua ya 7: Majani, kisha kuacha kunyonya

Kuanzia wiki ya kwanza ning'iniza matawi mabichi usawa wa pua: mkwaju, mgunga, mfudu. Weka pia beseni la maji na udongo safi wa porini, ataulamba, mwache. Nsya hupenda matunda yaliyoanguka, kwa hiyo muwekee machache ya msitu. Majani yabadilishwe asubuhi na jioni. Yaliyonyauka hayaliwi.

Usimpe unga, pumba wala ugali. Nafaka huchacha haraka tumboni na kutoa asidi inayoua.

Ukimwona amelala anatafuna bila kitu mbele yake, anacheua. Tumbo kubwa limeamka. Ndipo uanze kupunguza mlo mmoja kila wiki, ukianzia wa usiku. Nsya anaweza kumaliza akiwa na miezi miwili hadi mitatu, pongo huchelewa zaidi. Uzito ukisimama baada ya kupunguza, rudisha mlo huo kwa wiki moja.

## Hatua ya 8: Kurudi porini

Uamuzi huu ni wa TAWA na daktari, siyo wa mhudumu. Mnyama anayefuata watu haachiwi.

Banda la muda hujengwa ndani ya msitu, mbali na vijiji, penye kichaka na maji, baada ya askari kupekua na kuondoa tanzi zote. Mnyama akae humo wiki mbili au tatu akila majani ya hapohapo. Kisha fungua mlango alfajiri na uondoke. Usimfukuze. Maji na matawi yaendelee kuwekwa. Wengine hurudi kulala kwa siku kadhaa. Wakati mzuri Tabora ni baada ya mvua kushika, Desemba, majani machanga yakiwa kila mahali.

Fuatilia kwa nyayo na kinyesi, usimwite. Siku 14 zikipita bila alama mpya bandani, ondoa beseni na ubomoe uzio wote, fito moja moja, uzibebe urudi nazo. Fito zilizosimama msituni, mtu mwingine huja kuzifungia tanzi.